Raba za kuinua tanki la boda: anza na bushi

Malalamiko ya waendesha boda wa Kampala yanafanana: raba mpya za tanki zimefungwa, muda si mrefu petroli inanuka chini ya kiti. Lawama zinaliendea tanki, na huku kilichokosekana ni bushi, kijibomba cha chuma kinachopita katikati ya raba ya nyuma na kupitishiwa bolti.

Bolti ikikazwa, washa, kile kisahani cha chuma chini ya kichwa cha bolti, inagota kwenye bushi, raba inabaki na nafasi ya kucheza. Pasipo bushi, bolti inaibana raba hadi inakuwa bapa, mtikisiko wa injini unaingia moja kwa moja kwenye sikio la tanki (kile kibati kinachoshikwa na bolti), na bati linapasuka pale lilipochomelewa. Ufa huanza mwembamba sana. Utaujua kwa vumbi jekundu lililoganda kwenye unyevu wa petroli kuzunguka sikio. Bushi iwe fupi kuliko raba kwa milimita 1 hivi: raba ya milimita 14, bushi 13. Ikizidi raba kwa urefu, tanki litagongagonga.

Kwa pikipiki ya Boxer ya Bajaj, namba moja ni raba za Bajaj zenyewe, na hapo sina mjadala. Bushi inaweza kuwa na namba yake ya spea, kwa hiyo itaje unapoagiza. Mwenye TVS anunue za TVS, asichanganye.

Namba mbili ni raba orijino pamoja na bushi ndefu yenye bega linalokaa chini ya raba, iliyokerezwa na fundi wa Katwe, mtaa wa mafundi chuma Kampala; sehemu inayoingia ndani ya raba ibaki fupi kuliko raba, kama nilivyosema. Hii inamfaa anayetaka tanki lipande, labda kwa sababu linasugua nyaya. Ukiinua milimita 10, bolti nayo irefuke milimita 10. Bolti ya M8 (unene milimita 8) iume nyuzi zisizopungua milimita 8. Kama koki ya petroli iko upande wa nyuma wa tanki, usiinue nyuma peke yake, maana petroli itakimbilia mbele na akiba yako itabaki humo bila kufika kwenye kabureta. Ukishafunga, geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili, kisha tazama mpira wa petroli: usivutike, usikunjike.

Pakiti za bei ya chini zisizo na bushi ziache dukani. Vipande vya tyubu ndiyo kabisa, petroli huvivimbisha na kuvilainisha.

Kinachoudhi ni wauzaji wanaofungua pakiti, wakatoa bushi na kuiuza kivyake, halafu raba wanakuuzia kwa bei ya seti nzima. Mteja akiuliza anaambiwa pikipiki yake haihitaji. Inahitaji! Uwe Kisekka, soko la spea la Kampala, au duka la mtaani, fungua pakiti pale kaunta, pitisha bolti kwenye bushi, ndipo ulipe. Na sikio likishapasuka, usimruhusu fundi achomelee tanki lililomwagwa petroli tu: mvuke uliobaki ndani hulipuka. Lioshwe kwa maji moto na sabuni hadi harufu iishe, kisha ligeuzwe ufa ukae juu kabisa, lijazwe maji hadi karibu na ufa kabla moto haujawashwa.