Seti ya amplifaya ya TDA7294: wati 100 za kwenye karatasi, 45 za kwenye koili ya jiko

Niseme mapema kwamba hii amplifaya naipenda. Iko juu ya kabati la vyombo sebuleni, inapiga dansi la zamani tangu saa kumi na moja jioni, na mke wangu hajasema neno, jambo ambalo kwa nyumba yetu ni nyota nne tayari. Lakini ukiniuliza ile seti yenyewe, kile kimfuko cha vipuri vya kujiunganishia nilichonunua Kariakoo, naipa nyota mbili na nusu. Hiyo nusu ni ya bodi.

Mimi si fundi redio. Ni mtunza maabara wa shule ya sekondari hapa Morogoro. Kazi yangu ni kuhesabu bika na kuwafukuza wanafunzi kwenye betri. Nilikuwa na spika mbili za omu 8, nzito, mbao kweli, nilizorithi kwa baba mdogo, na sabufa ya dukani niliyokuwa nayo ilikuwa inaziaibisha. Boksi la sabufa hiyo liliandikwa wati 5000. Ukiangalia waya wake wa umeme, mwembamba kama kamba ya kiatu, unajua kabisa hizo wati 5000 ni mashairi.

Kwa hiyo nikapanda treni hadi Dar na kununua seti mbili, moja kwa kila spika, shilingi 18,000 kila moja. Ndani kuna bodi tupu, rezista, kapasita, aisii (chipu inayokuza sauti) ya TDA7294 yenye miguu 15, kipande cha aluminiamu cha kupozea, na karatasi ya mchoro ya Kichina. Juu ya mfuko: 100W. Muuzaji akaniambia, "Kaka, hiyo orijino, ukiwasha jirani anahama."

Nianze na mazuri. Bodi ni nzuri kuliko bei yake. Shaba yake nene, haibanduki ukirudia kulehemu mahali pamoja mara tatu, na nimerudia. Mchoro unafuata ule wa watengenezaji wa aisii, ST, karibu rezista kwa rezista: 22k na 680 za kuamua ukuzaji, ambazo zinaikuza ishara ya sauti mara 33 hivi, na zile rezista na kapasita za miguu ya 9 na 10 zinazoichelewesha aisii kidogo kuamka. Ndiyo maana ukiwasha spika haipigi "tupu!" Amplifaya nyingi za madukani hapa zinakushtua kila ukiwasha, hii inaamka kimya, kama mtu mwenye adabu zake.

Sasa kapasita. Karatasi inasema tumia transfoma ya 24-0-24, yaani volti 24 kila upande wa waya wa katikati. Volti 24 ukizipitisha kwenye dayodi na kapasita zinakuwa zaidi ya 33, na bila mzigo zinapanda tena. Mimi nilipima 35.6 kila upande siku ambayo umeme wa ukutani ulikuwa 236. Kapasita zilizo kwenye mfuko zimeandikwa 35V! Yaani seti inakuelekeza kwa mkono wake mwenyewe upasue kapasita zake. Nilizitoa zote nikaweka za volti 63, na nne kubwa za maikrofaradi 10,000 za kuchujia umeme, shilingi 4,000 kila moja.

Transfoma niliipata kwa fundi wa kusuka transfoma, eneo la Gerezani huko Dar, 24-0-24 ya ampea 5, waya wa shaba, 45,000. Nilimwomba akwangue ncha ya waya nione rangi, kwa sababu aluminiamu iliyopakwa vanishi nayo inang'aa kama shaba. Akacheka, akakwangua. Hii ndiyo hela niliyoitoa bila kinyongo kuliko zote.

Kuwasha mara ya kwanza sikuwasha moja kwa moja. Kuna ujanja wa zamani wa mafundi: unaweka balbu ya uzi ya wati 100 ipitishe umeme kabla haujafika kwenye transfoma. Kama kuna shoti, balbu inawaka kwa nguvu na vitu vyako vinapona. Kama hakuna, inawaka mara moja kapasita zikijaa, halafu inafifia. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii. Shida ni kwamba balbu za uzi siku hizi madukani zimeadimika. Nikamkumbuka mama jirani anayelea vifaranga, nikaazima kwake moja aliyokuwa ameiweka akiba. Alinitazama sana. "Mwalimu, na wewe umeanza kufuga?"

Bodi ya kulia: balbu ikawaka, ikafifia. Nikapima volti kwenye tundu la spika, spika yenyewe ikiwa bado chumbani imefunikwa shuka. Milivolti 7. Safi kabisa.

Bodi ya kushoto: balbu ikawaka, ikafifia vilevile, nikashangilia mapema. Nilipoweka mita kwenye tundu la spika nikakuta volti 31. Si milivolti. Volti 31 za umeme wa moja kwa moja (DC), zinasubiri spika ya marehemu baba mdogo. Ningeiunga pale pale kama nilivyotamani, koili ya spika ingeungua kabla sijafika kwenye swichi. Balbu haikunionya kwa sababu bila mzigo aisii hiyo haikuwa inakula umeme wowote wa maana. Tangu siku hiyo kila nikisikia mtu anasema "nimeunga, nimewasha, imepiga", nasikia tumbo linanikaza.

Nililehemu upya miguu yote 15, nikabadilisha rezista, wapi. Nikachukua pamba na dawa ya kuondolea rangi ya kucha, nikafuta uso wa aisii. Herufi zikatoka zote kama wino wa mhuri, chini yake kuna mikwaruzo ya msasa. Nikafuta ile nzuri ya kulia: nayo ikatoka. Kwa hiyo hata iliyofanya kazi haikuwa ilichosema.

Nilimpigia muuzaji. Akasema nirudishe, atabadilisha. Nauli ya kwenda na kurudi inakaribia bei ya aisii zote mbili, na yeye analijua hilo vizuri. Nikanunua mbili kwingine, 14,000 kila moja, ambazo maandishi yake yamechomwa, hayafutiki. Zote zikatoa chini ya milivolti 10.

Jambo jingine ambalo mfuko haukusema: mgongo wa chuma wa aisii hii umeungana na volti hasi. Ukizifunga mbili kwenye chuma kimoja bila karatasi ya maika ya kuzuia umeme na washa ya plastiki kwenye skrubu, boksi zima linabeba volti hasi, na siku boksi likigusa ardhi utaona cheche. Kwenye seti hakukuwa na maika wala washa. Nimekata maika kutoka kwenye pasi mbovu ya nguo, nikapaka grisi ya kupozea, halafu nikapima kwa mita kati ya mgongo na chuma kabla ya kuendelea.

Haya, wati. Nilitaka kujua ni ngapi kweli, na kwa hilo unahitaji mzigo usiopiga kelele wala kuungua. Rezista kubwa za kupimia sikuzipata. Nikanunua koili ya jiko la umeme la wati 2000, ile ya kuviringika inayokaa kwenye kigae. Ikiwa baridi ina omu 25.8, ukiikata vipande vitatu sawa ni omu 8.6 kila kipande, karibu sawa na spika yangu. Risasi ya kulehemu haishiki kwenye waya ule, kwa hiyo unaubana kwa konekta ya skrubu. Kipande kimoja kwenye jiko kilikuwa kinabeba zaidi ya wati 600, hivyo kwa amplifaya kinapata uvuguvugu tu.

Simu ikatoa mlio wa hezi 100, oskiloskopu yangu ndogo ya DSO138 ikaonyesha wimbi, nami nikawa naongeza sauti taratibu. Nilipopita tu volti 19.8 za mita vilele vya wimbi vikawa bapa, kana kwamba mtu amevipitishia panga. Nikarudisha kidogo hadi vikawa duara. Piga hesabu: 19.8 mara 19.8, gawa kwa 8.6. Wati 45 na kitu.

Je, nimedanganywa? Nusu. ST wenyewe wanaandika 100, ila ni wati za muziki sauti ikiwa imeharibika kwa asilimia 10, yaani tayari inakoroma. Wati safi wanazotoa ni 70 kwa spika ya omu 8, na hizo zinataka volti 35 kila upande zisizoshuka. Transfoma yangu ikibanwa inashuka hadi 31. Kosa hilo ni langu na la mfuko wangu wa fedha, halimhusu muuzaji. Na niwaambie wenye spika za omu 4: msitumie 24-0-24. Watengenezaji wenyewe wanashuka hadi volti 27 kwa spika hizo. Transfoma ya 18-0-18 inawatosha.

Kipande cha aluminiamu cha kwenye seti ni cha kupozea redio ya mkononi. Nilipiga muziki kwa sauti ya sherehe, dakika ya 12 sauti ikakatika, ikakaa, ikarudi, ikakatika. Aisii inajizima yenyewe ikipata joto kupita kiasi, na hapo naisifu. Ikibanwa vibaya inamwaga joto la wati 25 hivi, sawa na pasi ndogo ya kulehemu inayowaka ndani ya boksi lako. Nikanunua hitisinki (vyuma vya kupozea) mbili za kompyuta mbovu, 6,000 kila moja, na feni moja. Sasa inapiga saa nne bila kukohoa.

Ikabaki ngurumo. Mmmmm ya chini, hata bila muziki. Siku tatu nilihangaika, nikalaumu transfoma, nikalaumu simu, nikamlaumu hata fundi wa Gerezani. Kumbe nilikuwa nimepitisha ardhi ya waya wa kuingizia sauti kwenye mwili wa boksi, halafu tena kwenye bodi. Nilipozileta nyaya zote za ardhi kwenye nukta moja, katikati ya zile kapasita kubwa, ikanyamaza. Niliweka sikio kwenye spika nikadhani nimeizima.

Jumla, pamoja na boksi la deki mbovu, fyuzi na daraja la dayodi: shilingi 150,000. Sabufa mpya ningepata kwa hiyo. Ila gitaa la solo kwenye zile rekodi za zamani sasa nalisikia likitoka upande wake, na besi haisukumi kila kitu ukutani.

Duka lile nitarudi kununua bodi tupu, tena kwa furaha. Aisii nitanunua kwingine, na dawa ya kucha nitakuwa nayo mfukoni. Balbu ya mama jirani bado ninayo; vifaranga wake wameshakuwa mitetea.