Kabati la njano la kemikali: tathmini baada ya miezi kumi na minne katika maabara ya shule

Mwezi Februari mwaka jana shule yetu, ambayo ni ya kutwa na iko nje kidogo ya Kisumu ukielekea Kakamega, ilinunua kabati la chuma la rangi ya njano la kuhifadhia kemikali za maabara. Tulilipa shilingi 74,000 pamoja na gharama ya pikapu iliyolileta. Duka tulikolinunua sitalitaja, kwa kuwa nakusudia kulipima kabati lenyewe kwa jinsi nilivyoishi nalo nikiwa msimamizi wa maabara. Nitasema mapema kwamba kwa spiriti na vimiminika vingine vinavyoshika moto upesi limenifaa sana, na kwamba kwa asidi halifai hata kidogo, ingawa tuliuziwa kama kabati la kemikali zote.

Kabla ya hapo chupa zetu zilikaa kwenye rafu za mbao zilizo wazi, zimepangwa kialfabeti kwa majina ya Kiingereza yaliyo kwenye lebo, kama majina ya wanafunzi kwenye rejista. Mpangilio huo unapendeza macho na ni wa hatari kubwa. Kwenye rafu ya kwanza asetoni, ambayo huwaka kama petroli, ilikuwa imekaribiana na nitrati ya amonia, ambayo huulisha moto kwa oksijeni. Rafu za katikati zilikuwa na asidi ya hidrokloriki bega kwa bega na peroksaidi ya hidrojeni, na viwili hivyo vikichanganyika vikiwa vikali hutoa gesi ya klorini. Mabega ya chupa za amonia yalikuwa meupe daima. Mama anayetusaidia usafi alikuwa akiyafuta kila Ijumaa akidhani ni vumbi la chaki, kumbe ilikuwa kloridi ya amonia, inayojiunda hewani mvuke wa amonia unapokutana na ule wa asidi ya hidrokloriki. Ukiona unga huo katika stoo yako, jua kwamba vifuniko vinavuja na majirani hao wawili hawapaswi kukaa karibu.

Nianze na sifa za kabati. Lina milango miwili, rafu mbili zinazoweza kupandishwa na kushushwa, na kitasa kinachosukuma vyuma vitatu kwa pamoja, yaani juu, chini na katikati, kiasi kwamba mlango ukifungwa haubaki na mwanya. Kizingiti cha chini nilikipima kwa rula nikapata sentimita 5, ambacho ndicho kimo kinachodaiwa na kanuni za Marekani kwa makabati ya aina hii, ili chupa ikivunjika kimiminika kisimwagike hadi sakafuni. Haya si mapambo. Mvuke wa ethanoli, yaani spiriti yenyewe, unaweza kushika moto ukikutana na cheche kuanzia nyuzi 13 hivi za Selsiasi, na ule wa asetoni hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, ilhali stoo yetu ina paa la mabati na mchana wa Kisumu hufika nyuzi 30 bila taabu. Kwa maneno mengine, hakuna siku hapa ambayo chupa ya spiriti iliyo wazi ni salama. (Etha ndiyo ya kuogopwa zaidi: huchemka kwenye nyuzi 34.6 usawa wa bahari, na kwetu sisi tulio zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa huo huchemka mapema kidogo. Mimi niliomba tusiiagize tena.) Zamani nilipofungua stoo asubuhi harufu ya spiriti ilinipokea mlangoni. Tangu kabati lije, harufu hiyo imekwisha.

Hata hivyo, rangi ya njano si cheti. Kabati lililopimwa kwa moto huwa na kibao kinachotaja kiwango kilichotumika; la kiwango cha Ulaya, EN 14470-1, huandikwa hata dakika linazoweza kustahimili, kuanzia 15 hadi 90. Letu halina kibao chochote, lina vibandiko tu, na kimoja kilibanduka kabla ya muhula kwisha. Kanuni hizo za Marekani zinataka kuta mbili za chuma zenye nafasi ya hewa ya milimita 38 hivi katikati. Nililigonga kwa kifundo cha kidole pande zote: milango na ubavu vinajibu kwa sauti nzito ya kuta mbili, lakini mgongoni linalia kama debe, maana yake huko kuna bati moja tu. Kisha nilimimina lita tano za maji ndani ya sakafu yake nikaliacha usiku kucha. Asubuhi nilikuta dimbwi la ukubwa wa sahani chini ya kona ya nyuma, mahali ambapo kulehemu hakukukamilika. Fundi wa jua kali aliziba kwa dakika kumi na tano, lakini kwa bei ile hatukupaswa kumwita.

Jambo jingine ni vile vizibo viwili vilivyo ubavuni, kimoja juu na kingine chini upande wa pili. Kijana aliyelileta kabati alitaka kuvitoa, akisema, "Mwalimu, tuache lipumue kidogo." Nilimzuia. Matundu hayo ni ya kuunganisha bomba linalotoa mvuke nje ya jengo, na kama huna bomba yanapaswa kubaki yamezibwa, la sivyo mvuke unaingia chumbani na moto unapata njia ya kuingia kabatini.

Sasa nije kwenye asidi, ambako mimi mwenyewe nina sehemu ya lawama. Nilipomwuliza muuzaji kama naweza kuweka asidi humo alinihakikishia, "Hili linabeba kila kitu, mwalimu wangu," nami nikaweka hidrokloriki, salfuriki na nitriki kwenye rafu ya chini, spiriti na asetoni zikiwa juu yake. Nilijua kwamba asidi ya nitriki haitakiwi karibu na ethanoli wala asetoni, kwa sababu huzioksidisha kwa nguvu hadi kuleta moto au mlipuko. Nililijua hilo tangu chuoni, na bado nilishawishika na neno "kabati la kemikali".

Adhabu ilitoka kwa hidrokloriki. Asidi hiyo ikiwa na ukali wa asilimia 36 hutoa mvuke hata chupa ikiwa imefungwa vizuri, na wakati wa maandalizi ya mitihani ya vitendo chupa haifungwi kwa muda mrefu: kutengeneza lita moja ya myeyusho wa molari 2 (kipimo cha ukali wake) kunahitaji mililita 172 za asidi kali, na watahiniwa wetu ni wengi. Kufikia Juni bawaba za ndani zilikuwa zimeota kutu ya rangi ya chungwa, na rangi ya njano ilikuwa inavimba na kubanduka kama ngozi iliyoungua. Vishikilio vya rafu vimepakwa zinki, na zinki ikiliwa na asidi hiyo hutoa hidrojeni, gesi ambayo hutaki kuikusanya ndani ya sanduku lililojaa mvuke wa spiriti. Juma la mitihani ya majaribio, mwezi Julai, kishikilio kimoja kilikatika. Rafu ikainama, na nilipofungua mlango nikakuta chupa ya salfuriki ya lita 2.5 imeteleza hadi ukingoni, imezuiwa na mlango wenyewe. Asidi hiyo ina uzito wa kilo 4.6 kabla hujahesabu kioo. Niliishika kwa mikono miwili, glavu zikiwa bado mfukoni mwa koti.

Tangu siku hiyo asidi zimehama. Seremala wa Kibuye alitutengenezea kabati fupi la mbao kwa shilingi 9,500, lisilo na msumari unaoonekana ndani, limepakwa rangi ya epoksi, na juu yake halizidi kiuno changu, kwa kuwa hakuna asidi inayopaswa kuinuliwa juu ya macho ya anayeishika. Kila chupa inakaa ndani ya trei ya plastiki inayoweza kubeba zaidi ya ujazo wake. Kwa chupa ya lita 2.5 nilitafuta trei ya angalau lita 2.75. Nitriki ina trei yake nene peke yake, kwa maana ikimwagikia mbao inaweza kuziunguza, na iko mbali na asidi ya asetiki, ambayo licha ya jina lake huwaka. Amonia ilipelekwa upande wa pili wa stoo. Sodiamu iko ndani ya mafuta taa kwenye kopo lake, mahali pakavu mbali na sinki.

Huduma baada ya mauzo imekuwa hafifu. Vishikilio vipya tulivinunua wenyewe. Kemikali tulizoagiza duka hilo hilo zilifika bila karatasi za maelezo ya usalama, ingawa Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamdai msambazaji azitoe, na ilinibidi kupiga simu mara tatu ndipo zikaletwa. Kabati lenyewe lilikuja na ufunguo mmoja, jambo linalonipa wasiwasi kuliko kutu, kwa sababu nikiwa mgonjwa maabara inasimama, na nikiuacha kwa mwalimu wa zamu sijui utalala wapi.

Kwa shule inayotaka mahali pa kuweka spiriti, asetoni na mafuta taa, ningesema linunuliwe, baada ya kuligonga mgongo na kulijaribu kwa maji kabla ya kulipa, huku fedha za kabati la pili la asidi zikiwa zimetengwa tangu mwanzo. Kwa bei ya 74,000 naliwekea alama sita kwa kumi. Duka liliahidi kutuletea ufunguo wa pili tangu Machi mwaka jana, na bado tunausubiri.