Parkrun: nyota nne, ya tano imeliwa na mbwa

Mie si mtu wa kukimbia, na shoga yangu ninayewasimulia habari zake ndiyo kabisa, akiona ngazi hutafuta lifti. Kwa hivyo msinisome kama mwanariadha. Mimi wa Kisauni, yeye wa Unguja, sote tuko Midlands huku Uingereza tunahudumia wazee, na parkrun, yaani mbio na matembezi ya bure ya kila Jumamosi bustanini, tumeijua kwa sababu isiyohusu mbio. Ameniruhusu kuisema, mradi jina lake nisilitaje.

Mnakumbuka kiangazi cha 2024. Tarehe 29 Julai wasichana watatu wadogo waliuawa kwa kisu Southport, mitandaoni ukaenea uwongo kwamba muuaji ni Mwislamu aliyekuja kwa boti, na kesho yake msikiti wa pale ukashambuliwa. Fujo zikasambaa miji mingi. Zilipotulia tukadhani yamekwisha. Shoga yangu yalimkuta baadaye, mchana kweupe, kwenye kituo cha basi: bwana mmoja alimvuta mtandio, akamtemea mate, akamwambia arudi kwao. Waliokuwa wakingoja basi wakazidi kuinamia simu zao. Kesi iliandikwa kuwa ya chuki. Mjue hili: kwa utaratibu wa polisi wa huku, aliyetendewa au hata shahidi akiona kwamba chuki ndiyo iliyomsukuma mtu, huandikwa hivyo, wala hutakiwi kuja na ushahidi wa yaliyo moyoni mwa mwenzio. Dharura ni 999, isiyo dharura ni 101.

Mwilini hakuumia sana. Lakini mlango wa nje ukawa mtihani. Kazini teksi, dukani teksi, na mshahara wetu mnaujua. Watu wakawa wanampigia simu kumwambia ajipe moyo, amtegemee Mungu, utadhani alikuwa haswali.

Sasa parkrun yenyewe. Kila Jumamosi saa tatu asubuhi (Scotland saa tatu na nusu), kwenye bustani za umma, kilomita 5, bure kabisa. Ilianzia Bushy Park, London, mwaka 2004, na siku hiyo wakimbiaji walikuwa 13 tu. Unajiandikisha mara moja mtandaoni, unapata barkodi yako ya kuskaniwa ukimaliza, na hiyo hiyo inakufaa popote inapofanyika. Kutembea ruksa. Tena kuna mtu wa kujitolea ambaye kazi yake ni kutembea nyuma ya wote, kwa hivyo hata ujivute vipi, huwi wa mwisho.

Lakini kilichotusaidia hasa ni kile wengi wanachokiruka wakiisifu: si lazima ushiriki kwa kutembea. Unaweza kujitolea. Shoga yangu alianza kwa kusimama kwenye kona na kuelekeza watu, wanaita marshali. Unapewa kizibao cha reflekta, unaoneshwa mahali pako, unaambiwa wakija waoneshe kushoto. Basi. Mtu anayeogopa kutazamwa barabarani, sasa ana sababu ya kutazamwa. Alichagua kona yenye ua mgongoni mwake, mimi nikasimama naye nikijifanya msaidizi.

Halafu wakaja. Na wakimbiaji wa parkrun wana desturi moja: wakikupita wanashukuru. "Thank you, marshal!" Wanahema, nyuso zimewiva kama nyanya, na bado wanashukuru. Mzee mwenye kaptura fupi isiyo na haya, msichana anayesukuma kigari cha mtoto, jamaa mwenye chale mpaka shingoni ambaye nilimwona shoga yangu akikaza mkono alipotokea, naye akashukuru vilevile akaenda zake. Wiki kwa wiki ni watu wale wale, wakaanza kumpungia. Hakuna aliyemuuliza katoka wapi. Mimi nilijaribu maneno yote niliyonayo kumshawishi kwamba si kila mgeni ni yule wa kituoni, yakaishia hewani. Wale walifanya kazi hiyo bila kujua.

Kutembea alianza alipotaka mwenyewe, na hapa nina la kuwaambia wanaofuatana na mtu wa namna hii. Chagueni bustani ambayo njia yake ni mzunguko mmoja. Zile za mizunguko miwili mitatu, wenye kasi wanakujia kutokea nyuma, na kwa aliyewahi kuvamiwa hakuna kibaya kama mguu unaokimbia mgongoni. Nendeni kwanza siku nyingine, bustani ikiwa tupu, muijue milango yake. Tena wekeaneni ishara. Yetu ilikuwa kiwiko: akinishika kiwiko tunaondoka, na maswali hakuna, hata tuwe hatua kumi kutoka mwisho.

Kasoro. Majina na muda wa kila mtu hutoka wazi kwenye tovuti. Asiyetaka jina lake lionekane aache barkodi nyumbani, ataandikwa "Unknown" na safari yake ni ile ile. Wapiga picha pia wapo, wa kujitolea. Mwambie mapema kwamba hutaki, ni haki yako. Maelezo ya mwanzo husemwa kwa Kiingereza cha haraka mbele ya umati, na mgeni wa lugha anaweza asiambulie kitu, ingawa zipo sehemu wanazowatenga wageni na kuwaeleza pembeni.

Na mbwa. Ooh, mbwa. Sheria inasema mbwa mmoja kwa mtu mmoja, kwa kamba fupi iliyoshikwa mkononi, lakini kamba fupi haizuii pua. Kwa sisi tunaokumbuka udhu, hiyo ni nyota nzima. Shoga yangu huvaa suruali ya mvua juu ya nguo zake akifika nyumbani aivue mlangoni, na simlaumu.

Wengi wakimaliza huenda kunywa kahawa mgahawani. Sisi hubeba chupa yetu ya chai ya tangawizi na mahamri, maana keki ya karoti kwa bei ile sijaiona faida yake. Nendeni, ila kuanzia Novemba vaeni mabuti. Tope la huku halina urafiki na viatu vyeupe.