Fort Jesus kwa Anayetaka Kuelewa Vita vya 1696 hadi 1698

Anayeingia Fort Jesus, Mombasa, kwa ajili ya kupiga picha hatatoka mikono mitupu, maana kuta zake za mawe ya matumbawe na mizinga inayotazama bahari zinatosha. Mimi naipima ziara hii kwa jambo jingine: je, inamsaidia mtu kuelewa jinsi ngome hii, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilivyozingirwa na majeshi ya Oman kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na kwa nini kuanguka kwake kuligeuza historia ya pwani yetu? Kwa kipimo hicho naipendekeza kwa moyo wote, mradi upate mwongozaji anayevijua vita hivyo.

Tuliyempata sisi alikuwa hodari. Kabla ya kutuonyesha chochote kabatini, alitupandisha ukutani upande wa bahari, na hapo tukaelewa mara moja kwamba mwenye ngome ndiye aliyekuwa na amri juu ya kila chombo kilichoingia bandari ya Mji wa Kale, lakini pia kwamba waliokuwa ndani hawakuwa na tegemeo jingine la chakula, baruti na askari wapya ila maji hayohayo. Kisha akatushusha kwenye njia ya matao iliyochongwa katika mwamba kuelekea baharini. Ukishapita hapo, huhitaji kuelezwa sana kwa nini mzingiro ulidumu karibu miezi thelathini na mitatu: njaa na maradhi ndivyo vilivyoamua, kuliko mizinga.

Kilichonigusa zaidi ni habari za waliokuwemo ndani. Mwanzoni askari wa Kireno walikuwa kati ya 50 na 70 tu, na wengi wa walinzi walikuwa watu wa pwani hii walioshikamana nao. Kamanda João Rodrigues Leão alikufa Oktoba 1696, tauni ikaendelea kuwamaliza wenzake, hata mwaka 1697 ukafika wakati ambapo ulinzi ulibaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, mji wa Kiswahili katika visiwa vya Lamu, pamoja na jamaa zake na Waafrika wachache ambao wengi wao walikuwa wanawake. Kila mwanafunzi wa Afrika Mashariki angestahili kulisikia jambo hili akiwa amesimama uani hapo, kwa sababu linaondoa dhana kwamba Wareno na Waomani walipigana huku Waswahili wakitazama. Waswahili walikuwa pande zote mbili; Pate, mji mwingine wa visiwa hivyo, kwa mfano, iliwaunga mkono Waomani.

Katika makumbusho, usipite haraka mbele ya vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyokuja kuinusuru ngome ikazama chini ya kuta zake mwaka 1697. Wapiga mbizi na wanaakiolojia waliichunguza kuanzia mwaka 1977, na vyombo vya kila siku vya mabaharia wale vinawaleta karibu nasi kuliko maelezo yoyote. Michoro ya ukutani iliyoachwa na Wareno inastahili nayo muda wako. Nyumba ya Kiomani ni nzuri, ingawa inahusu maisha ya baadaye zaidi kuliko vita.

Tahadhari yangu inahusu ziara za kulipia kwa pamoja. Kampuni moja iliwahi kunipitisha ngomeni mbiombio, bila neno lolote kuhusu mzingiro, ili tuwahi madukani. Afadhali ujiendee mwenyewe asubuhi kabla jua halijawa kali, ukate tiketi langoni, ambako mwananchi hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, upatane na mwongozaji mapema, na utenge saa mbili au tatu.

Mwombe pia asiishie Desemba 1698, pale Waomani walipoitwaa ngome, na meli za msaada zikafika siku chache baadaye zikaikuta imekwisha kwenda. Wareno walirudi mwaka 1728, wakafukuzwa na wenyeji wa Mombasa mwaka uliofuata, na tangu hapo utawala wao ukabaki kusini ya Rasi Delgado, huko Msumbiji. Bila sehemu hiyo, mgeni hawezi kujua kwa nini ukumbi wa Wamazrui, magavana waliokuja kutokana na ushindi huo wa Oman, umo ndani ya ngome ya Wareno.