British Museum, chumba cha 13: nendeni mkamwone Okeanos, mungu wa kale wa Kigiriki

Nyota tano. Wengi wakiingia British Museum hapa London hukimbilia chumba cha 18 kwenye sanamu za Parthenon, hekalu la Athens. Wageni wangu kutoka nyumbani mimi huwaanzisha chumba cha 13, kwenye chungu alichochora Sophilos wa Athens mnamo 580 hivi kabla ya Kristo. Kuingia ni bure. Ijumaa hufungwa saa mbili na nusu usiku, na jioni hiyo ndiyo naipenda zaidi.

Chungu ni cha kuchanganyia divai na maji. Kitako chake ni cha mviringo, ndiyo maana kimekalishwa juu ya kinara, na vyote pamoja vina kimo cha sentimita 71 hivi. Sehemu ya juu imechorwa harusi ya shujaa Peleus na Thetis, mungu wa kike wa bahari. Bwana harusi yuko mbele ya nyumba, kikombe mkononi, anawapokea miungu, wengine kwa miguu, wengine kwa magari ya farasi. Bibi harusi haonekani, yuko ndani, kama kwetu Mombasa. Kila mgeni ameandikiwa jina lake, na Sophilos naye ametia lake.

Msiishie kwa walio mbele. Fuateni msafara mpaka karibu na mwisho, mtamkuta Okeanos: juu ni mtu mwenye pembe ya ng'ombe, chini ni mkia mrefu wa samaki unaojipindapinda. Mkono mmoja kashika nyoka, mwingine samaki. Mkewe Tethys naye yumo.

Thetis ni mtoto wa Doris, na Doris ni binti wa Okeanos. Mzee huyu basi ni babu wa bibi harusi, mzaa mama. Tena ni Titani, mmoja wa miungu wazee waliotangulia kizazi cha Zeus, mfalme wa miungu! Ndugu zake walipomvamia baba yao Uranus, yeye hakushiriki. Zeus alipopigana na Matitani, Okeanos hakushika silaha, bali alimshauri binti yake Styx aende upande wa Zeus. Nduguze wakatupwa Tartarus, shimo la chini kabisa kuzimu, naye huyu hapa, anaandamana na hao hao walioshinda kwenda kumwoza mjukuu wake. Kila nikimtazama napata hamu ya kumwuliza moyo wake ulikuwaje siku ile.

Mkishiba kumtazama, chumba cha 18 kiko orofa hiyo hiyo ya chini.