Programu ya "bila mtandao" iliyonifungia mlango katikati ya shamba la muhogo

Maoni haya nimeyaandika mara tatu na kuyafuta mara mbili, kwa sababu kila nikianza kwa hasira hukumbuka mema ya programu hii, na kila nikianza kwa mema hasira hunirudia. Mimi ni afisa ugani, kazi yangu kubwa ni muhogo, na kwa takriban misimu miwili nimekuwa nikitembea na programu ya simu inayotambua magonjwa ya zao hilo kwa kuangalia picha ya jani. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa ninachotaka ni irekebishwe. Kilichonifanya niipakue ni maneno mawili yaliyoandikwa kwa herufi kubwa katika maelezo yake: BILA MTANDAO. Mashamba ninayoyatembelea hayana mtandao kabisa, na maneno hayo niliyaamini.

Siku ninayoizungumzia ilikuwa mwishoni mwa msimu uliopita. Aliyeniita ni mama mmoja mtu mzima, na aliniita kwa jambo moja mahususi: alitaka kukata mashina ya shamba lake yawe mbegu ya msimu unaofuata, na majirani kadhaa walikuwa wamekwisha kumwomba awagawie. Anayeujua muhogo anaelewa uzito wa swali hilo. Batobato na michirizi kahawia, magonjwa mawili ya virusi ya muhogo, huenezwa na inzi weupe kutoka mmea mmoja hadi mwingine, lakini magonjwa hayo husafiri mbali zaidi yakiwa ndani ya pingili zenyewe. Ukigawa mbegu yenye virusi umegawa ugonjwa, na hakuna dawa ya kunyunyizia itakayovitoa virusi hivyo ndani ya shina. Jibu langu la siku ile lilikuwa linakwenda kupandwa katika mashamba ya watu wengi.

Nikamwomba mama anishikie jani la chini kwenye kivuli cha mwili wake, maana jua kali huweka mng'ao juu ya jani na picha huharibika. Nikafungua programu. Badala ya kamera kikaja kioo cheupe chenye maneno: "Muda wako wa matumizi umekwisha. Tafadhali ingia tena." Nikaandika nenosiri langu. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha: "Hakuna muunganisho wa intaneti. Jaribu tena." Nilijaribu mara sita. Nikazima simu na kuiwasha. Nikapanda juu ya kichuguu kilichokuwa pembeni mwa shamba, nikainua mkono, nikaandika nenosiri lile lile kwa mara ya saba, na jibu likawa lile lile. Niliposhuka, mama alikuwa bado amesimama pale pale, amelishika jani kwa kikonyo chake kati ya kidole gumba na cha shahada, nalo lilikuwa limeshaanza kunyauka.

Kinachoniuma si kukosa mtandao, kwani kukosa mtandao ndiyo hali ya kawaida ya kazi hii. Kinachoniuma ni kwamba kila kitu kilichohitajika kutambua ugonjwa ule kilikuwa tayari kiganjani mwangu. Programu za aina hii hushusha uwezo wao wa utambuzi ndani ya simu siku unapozipakua, na picha huchambuliwa na simu yenyewe, si na kompyuta iliyo mbali. Hata mahali ulipo simu hukujua kutoka kwenye setilaiti bila intaneti, ingawa mara ya kwanza huchukua muda zaidi kukupata. Kilichonizuia ni kibali tu, kile ambacho seva humpa mtumiaji anapoingia kwenye akaunti yake, ambacho kina siku yake ya kuisha na ambacho hakiwezi kuhuishwa pasipo mtandao. Kibali hicho hakina lolote la kuliambia jani la muhogo. Mtu aliyeketi ofisini kwenye mtandao usiokatika aliamua kukiweka mlangoni, na hakujiuliza kitaisha muda wake mtumiaji akiwa wapi.

Mtu asije akaniambia kwamba ningeijaribu kabla. Niliijaribu. Niliiweka simu katika hali ya ndege kabla ya kuanza kuitumia, nikapiga picha, ikajibu vizuri, nikaridhika. Jaribio hilo hufaulu kwa sababu kibali bado ni kipya, na halikuambii lolote kuhusu siku ambayo kitakuwa kimekwisha.

Basi nikatoa kisu. Ugonjwa wa michirizi kahawia ulielezwa kitaalamu tangu miaka ya 1930 katika kituo cha utafiti cha Amani, katika iliyokuwa Tanganyika, na muda mrefu kabla ya kuwapo simu watu wameutambua kwa macho na kwa kisu. Macho yaliniambia nusu tu ya habari: majani ya chini yalikuwa na umanjano uliofuata mishipa ya jani, lakini majani ya chini ya muhogo hugeuka manjano pia kwa uzee. Kwenye sehemu changa ya shina moja niliona mstari mfupi wa kahawia, ambao ungeweza kuwa kovu. Tukang'oa shina hilo. Nilipokata mzizi kwa mapana, katikati ya nyama nyeupe kulikuwa na mabaka ya kahawia, makavu na magumu kama kizibo cha chupa, na kisu kilikwaruza kilipoyapita. Mama aliyatazama kwa muda, kisha akauliza, "Na mashina ya upande ule wa juu, mwanangu, nayo yako hivi?"

Hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa, maana hilo ndilo swali ambalo kisu hakiwezi kulijibu bila kumtia mtu hasara. Jani hupigwa picha na mmea ukabaki umesimama, lakini kila mzizi unaoukata ili uuchungulie ni mmea uliokwisha. Isitoshe, mzizi unaweza kuwa safi ilhali virusi vimo, kwani dalili za majani na za mizizi haziendi pamoja kila mara. Tuling'oa mashina manne zaidi, mawili yakiwa na mabaka na mawili yakiwa safi, na mwisho nilimwambia kwamba asigawe pingili hata moja kutoka shamba lile, la chini wala la juu. Nadhani nilimshauri sawa. Lakini mashina yale matano yalikuwa chakula chake, na kama programu ingefunguka tungeanza na majani ya shamba zima, kisha tukang'oa pale tu penye shaka.

Niliporudi penye mtandao niliwaandikia wahusika barua ndefu ya heshima, nikaeleza kila nilichokieleza hapa. Jibu lilikuja baada ya siku chache: "Ndugu mteja, programu inafanya kazi ipasavyo. Unashauriwa kuifungua ukiwa kwenye mtandao kabla ya kwenda uwandani." Hapakuwa na pole hata moja. Nikaandika tena, nikauliza ni kila baada ya siku ngapi kibali hicho huisha, ili angalau nijipange, na kwa nini programu isinionye siku mbili kabla. Nilichojibiwa ni kwamba suala langu limefungwa. Nimefanya kazi na wakulima kwa miaka mingi, na sijawahi kumwambia mkulima yeyote kwamba shamba lake linafanya kazi ipasavyo huku ameushika mzizi uliooza.

Usiku ule niliamua kuifuta, na kidole kilikuwa kimeshaligusa lile neno. Sikuifuta, na ni haki niseme kwa nini. Msimu wa kabla ya huo, katika shamba jingine, nilipita mbele ya mihogo iliyonenepa vizuri na kusema moyoni kwamba hii haina neno. Majani ya chini yenye manjano niliyahesabu kuwa ya uzee. Nilipiga picha kwa mazoea tu. Programu ikaniambia michirizi kahawia, nikadhani imekosea, nikapiga jani la pili na la tatu, ikashikilia neno lake. Tulipokata mzizi, programu ilikuwa sahihi na mimi nilikuwa nimekosea. Vilevile imenisaidia mara nyingi kutenganisha batobato changa na madoa ya utitiri wa kijani, ambayo hata jicho lililozoea huyachanganya, hasa kiangazi. Chombo kinachofanya hivyo ndani ya simu ya kawaida, katikati ya shamba lisilo na mtandao, ni kitu kikubwa, na waliokitengeneza walifanya kazi ya kuheshimiwa. Sikusudii kuwanyima haki hiyo.

Kwa hiyo naitumia bado. Usiku wa kuamkia siku ya shamba hutoka kwenye akaunti kabisa na kuingia upya, ili kibali kianze kuhesabu siku zake mwanzo, na tangu nianze kufanya hivyo haijanifungia mlango tena. Ningependa kusema kwamba jambo limekwisha, ila nafikiria maafisa ugani wapya wanaoyasoma maneno yale makubwa mawili kama nilivyoyasoma mimi, wakayaamini, wakaenda. Wao hawajui habari ya kibali, na maelezo ya programu hayaisemi popote. Na picha wanazozipiga kwa kamera ya kawaida ili ziwafae baadaye hazitawafaa, kwani programu hii haipokei picha iliyohifadhiwa kwenye simu; hulitaka jani lenyewe mbele ya kamera yake, wakati huo huo. Picha zangu za siku ile, kumi na moja kwa idadi, bado ninazo, na hakuna aliyezichambua.

Mara ya kwanza nilipoandika maoni haya niliweka nyota moja. Mara ya pili, nikikumbuka lile shamba la mihogo iliyonenepa, niliweka nne. Leo asubuhi nilipotaka kuyatuma nimelisoma tena lile jibu la "inafanya kazi ipasavyo", na nimezishusha hadi mbili. Siku watakapokiondoa kibali hicho mlangoni, au hata wakiandika tu mahali panapoonekana kwamba kipo na huisha lini, nitarudi hapa mimi mwenyewe na kuzipandisha.