TAHADHARI: Hom thieta za "wati 12,000" ni changa la macho, mimi nimeshapigwa

Jamani, kabla hujamtumia mtu hela ya spika za tivii, soma hapa kwanza. Mimi nimeshapigwa, na aliyenipiga bado yuko hewani anauza. Simtaji jina kwa sababu jina lenyewe analibadilisha kila baada ya muda. Nitawaeleza mchezo wake, maana mchezo ni ule ule.

Shida yangu ilikuwa ya kawaida tu. Tivii za siku hizi ni nyembamba, na spika zake zimebanwa chini au mgongoni, kwa hiyo sauti inapiga sakafuni na ukutani badala ya kumpiga anayetazama. Muziki wa filamu unavuma vizuri, mtu akianza kuongea huambulii kitu. Nikawa naishi na rimoti mkononi: wakinong'ona naongeza, kitu kikilipuka napunguza. Nikasema sasa basi, natafuta seti ya maana ya sebuleni.

Nikakutana na tangazo. Spika tano ndefu na sabufa, nyeusi zinang'aa, nembo inafanana na ya kampuni kubwa ila herufi moja imebadilishwa. "5.1, wati 12,000, sauti ya sinema nyumbani." Bei kama theluthi ya nilichoona kwingine kote. Nikauliza mbona chee namna hii? Akajibu kuna mzigo ulizidi kwenye oda ya hoteli, wanataka kuutoa haraka.

Hiyo hadithi ya "mzigo umezidi" ina umri mkubwa kuliko wengi wetu. Marekani inajulikana tangu miaka ya 1980: watu wawili ndani ya gari jeupe la mizigo wanakufuata kwenye maegesho, wanakwambia stoo imekosea hesabu ikawapakilia spika za ziada, chukua kwa bei ya kutupa kabla bosi hajagundua. Ukifika nyumbani ukafungua boksi, takataka. Kilichobadilika ni kwamba gari limeachwa, siku hizi wanatumia ukurasa wa mtandaoni.

Halafu akanitumia video. Sabufa linatetema, pazia nyuma yake linapepea, sauti safi kabisa. Safi mno, na hapo ndipo ningeshtuka. Simu ikirekodi besi kubwa ndani ya chumba, sauti hukwaruza, na chumba chenyewe lazima ukisikie: mwangwi, mlango, mtu anakohoa. Huu ulikuwa wimbo umebandikwa juu ya picha. Lakini mimi macho yote kwenye pazia. Lina alama ya kuungua na pasi pembeni, ya pembetatu. Ikumbukeni hiyo alama.

Mzigo ukafika jioni. Kijana aliyeuleta yuko mbio, gari liko nje linanguruma. "Jaribu fasta bosi, nina wateja wengine." Akaunganisha simu yake kwa Bluetooth, akapiga wimbo wenye besi, madirisha yakatikisika. Nikalipa.

Kujaribu seti ya tivii kwa wimbo wa simu, hapo ndipo nilipoingizwa mkenge, kwa hiyo hapa nitakwenda polepole. Wimbo wa kawaida kwenye simu una chaneli mbili, kushoto na kulia. Seti yoyote, hata ya ovyo, inaweza kuzichukua hizo mbili ikazimwaga kwenye spika zote tano, nawe ukajiona umezungukwa na sauti. Filamu ya 5.1 ni habari nyingine. Ina chaneli sita zinazojitegemea: mbele kushoto, mbele kulia, katikati ambako maneno mengi ya waigizaji hutokea, mbili za pembeni au nyuma, na ile ".1" ambayo ni ya besi nzito peke yake. Mfumo ukiwa wa kweli, helikopta inaanzia nyuma ya kochi inakupita pembeni mpaka mbele. Usiku ule nikaweka filamu, nikaanza kuzunguka natega sikio kwenye spika moja moja. Zote zinaongea maneno yale yale. Ya katikati, ya kushoto, za nyuma, zote kama kasuku.

Ndipo nikaligeuza sabufa nikaangalia mgongo wake. Kwa mara ya kwanza, baada ya kulipa! Matundu mawili, jekundu na jeupe. Tundu la USB. Basi. Hakuna HDMI (waya mmoja unaobeba picha na sauti za dijitali), hakuna optiki (waya unaobeba sauti kwa mwanga). Sasa piga hesabu mwenyewe: waya mwekundu na mweupe unabeba kushoto na kulia. Zile chaneli nyingine nne zitapita wapi? 5.1 ya kweli kutoka kwenye tivii inaingia kwa HDMI, au kwa waya wa optiki, au kwa koaksia ya dijitali. Mashine za zamani zilikuwa na matundu sita ya analogi yaliyopangwa mstari. Kama seti haina hata kimoja kati ya hivyo, na haina deki ya diski humo humo ndani, hiyo ni stereo, yaani chaneli mbili tu, iliyovalishwa spika tano.

Chini ya matundu kuna kibandiko kidogo ambacho hakuna anayekisoma. Kimeandikwa wati 45. Huo ndio umeme ambao kifaa kinavuta ukutani, na kibandiko hicho ndicho chenye ukweli kuliko maandishi yote ya lile boksi. Kifaa kinachokula wati 45 hakiwezi kutoa 12,000, wala hata hizo 45 hazifiki zote kwenye spika, nyingine zinapotea kama joto. Hiyo 12,000 wanaiita PMPO, eti kilele cha nguvu. Haina kanuni yoyote, kila mtu anajiandikia anavyotaka. Namba ya kuuliza ni RMS, yaani nguvu inayotoka mfululizo. Na usidhani udanganyifu huu umeanza jana: Marekani ilibidi Tume ya Biashara ya Shirikisho iweke kanuni mwaka 1974 ya namna ya kutangaza nguvu za amplifaya za nyumbani, kwa sababu ya wauzaji kujitungia wati. Mwaka 2024 wakairekebisha tena.

Halafu wati nyingi hazina maana kubwa hivyo sebuleni. Ukitoka wati 50 kwenda 100 unaongeza desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti ndogo tu sikioni. Ili usikie sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji nguvu kama mara kumi. Ukiangalia filamu kwa sauti ya kawaida, spika nzuri inatumia wati chache sana. Kwa hiyo mtu akianza mazungumzo kwa kukutajia maelfu, huyo hajui anachouza, au anajua sana.

Kesho yake nikachukua bisibisi. Spika za mbele zilionekana na vinywa vitatu kila moja: kikubwa, cha kati, na juu twita, kile kidogo cha sauti nyembamba. Twita ni plastiki ya rangi ya fedha imegandishwa kwa gundi, nyuma yake hakuna waya, hakuna sumaku, hakuna kitu. Cha kati hivyo hivyo. Kinachofanya kazi ni kimoja, karatasi nyepesi yenye sumaku ndogo kama kizibo cha chupa. Sabufa nililoliona zito nikafurahi? Ndani kuna kipande cha saruji kimebandikwa sakafuni mwa boksi. Saruji, ndugu zangu. Nilikuwa nimesikia kwamba spika nzuri huwa nzito, na wao pia wamesikia.

Waya nazo. Rangi ya shaba ukiziangalia juu juu, ukikwangua kwa kisu ndani nyeupe. Ni alumini iliyopakwa shaba. Alumini inapitisha umeme kama asilimia 61 tu ya shaba. Kwa umbali mfupi wa sebuleni isingekuwa balaa kama unene ungekuwepo, lakini hizi zilikuwa nyembamba kama uzi na zilikatika nilipozikunja mara mbili. Hapa sikukasirika tena, nilicheka.

Nikamwandikia. Kwanza akasema tivii yangu ndiyo mbovu. Nikamtumia picha ya mgongo. Akasema ninunue adapta, anazo, atanifanyia bei. Nikamtumia picha ya saruji. Akajibu kwa haraka kuliko siku zote: "Umefungua, waranti imekufa." Baada ya hapo akaniblok. Siku kadhaa mbele ukurasa ukawa na jina jipya, picha zile zile.

Sasa niwe mkweli pia, maana kuna wauzaji waaminifu wanaolaumiwa bure. Seti nzuri kabisa inaweza kutoa stereo kwa sababu ya mpangilio wa tivii. Ingia kwenye mipangilio ya sauti: kama umeweka PCM (tivii inaifungua sauti yenyewe kwanza) na unatumia waya wa optiki, utapata chaneli mbili tu, badilisha iwe Bitstream (sauti inapelekwa kama ilivyo) au Auto. Ukitumia HDMI, angalia umechomeka tundu lenye neno ARC, yaani linalotoa sauti ya tivii kwenda kwenye spika, maana mara nyingi tivii ina matundu matatu au manne na ni moja tu lenye hiyo kazi. ARC ilianza na HDMI 1.4 mwaka 2009. eARC, ambayo inabeba data nyingi zaidi za sauti bila kuzibana, ikaja na HDMI 2.1 mwaka 2017. Na kuna vipindi vingi vilivyorekodiwa stereo tangu mwanzo; usimpigie mtu kelele kwa taarifa ya habari. Jaribu na filamu ambayo imeandikwa 5.1. Ukishafanya yote hayo na spika za nyuma bado zinasema maneno ya waigizaji sawa na za mbele, hapo una haki ya kukasirika.

Neno jingine wanalolichezea ni Atmos. Teknolojia hiyo ya kampuni ya Dolby, ya kuifanya sauti itokee hata juu ya kichwa, iliingia kwenye majumba ya sinema mwaka 2012 na majumbani mwaka 2014, na sasa kila boksi la kanyaboya limechapwa neno hilo. Waya wa optiki haubebi Atmos, Bluetooth ya kawaida haikuletei Atmos ya filamu ya kwenye tivii yako. Mtu anakuuzia "saundibaa ya Atmos" (saundibaa ni spika moja ndefu ya kukaa chini ya tivii) yenye optiki na Bluetooth peke yake? Muage kwa heshima.

Na hiyo Bluetooth hata kwenye kifaa halali si njia nzuri ya kuunganishia tivii. Sauti huchelewa kidogo, mdomo wa mwigizaji unafunga ndipo neno linafika. Kwenye wimbo huwezi kugundua, na ndiyo maana wanapenda kukujaribishia wimbo.

Kama nilivyokuwa mimi, shida yako ni kusikia maneno, huhitaji spika tano kabisa. Saundibaa ya 3.1 ina spika yake ya katikati kwa ajili ya sauti za watu, na hata 2.1 ya kampuni inayojulikana itaipiga mbali hiyo "5.1" ya tangazo. Fedha ikiruhusu na una nafasi ya kutandaza waya, risiva (mashine inayopokea sauti na kuikuza) na spika zinazouzwa kila moja peke yake ni bora zaidi, ila hiyo ni mada ya siku nyingine. Mimi sasa hivi natumia saundibaa iliyotumika niliyoichukua kwa mtu aliyekuwa anahama. Ilikuwa imechomekwa kwenye tivii yake kwa HDMI, tukakaa dakika ishirini tunaangalia filamu, nikamlipa. Haina wati za kutisha. Nasikia kila neno.

Kwa wenye mzigo ambao uko njiani: usikubali kujaribishiwa simu. Mwambie mletaji kwamba mnajaribu kwenye tivii au arudi nao. Tafuta kibandiko cha nyuma kabla ya kuangalia uzuri wa mbele. Toa kitambaa cha mbele kama kinatoka, bonyeza taratibu kingo za kinywa kikubwa na cha kati, twita usiibonyeze. Cha kweli kinaingia na kurudi, cha bandia ni kigumu kama sahani. Wakati sauti inalia, tega sikio karibu na kila kimoja, hata twita. Akianza kukuharakisha, hiyo haraka ni yake, si yako. Na kama ulilipa kwa kadi au kupitia huduma yenye ulinzi wa mnunuzi, fungua malalamiko siku hiyo hiyo ukiwa na picha za mgongo na za tangazo pamoja. Tangazo lipige picha mapema, maana litafutwa. Mimi nilituma hela moja kwa moja, sina pa kushika.

Njia rahisi ya kumjua ni hii: mwombe picha ya nyuma ya kifaa, matundu na kibandiko vionekane. Muuzaji wa kweli anageuza tu anapiga. Jana nilimwandikia huyu wangu kwa namba nyingine, nikajifanya mteja mpya. Seti sasa imekuwa "7.1, wati 20,000". Nikaomba picha ya nyuma. Akaniambia subiri dogo yuko stoo. Baada ya saa nzima akanitumia picha ya mbele, na nyuma ya sabufa lile lile pazia, na pembetatu ya pasi.